Kishindo cha spika: mafundi, acheni kuruka rilei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na mafundi redio wenzangu, na wateja wao nao wasikie. Ni kuhusu kile kishindo kinachotoka kwenye spika amplifaya inapowashwa au kuzimwa: "du!", karatasi ya wufa (spika ya besi) inaruka kama imesukumwa na kidole kutoka nyuma, kisha kimya. Dukani utaambiwa hiyo ni dalili kwamba mashine ina nguvu. Kwa fundi utaambiwa redio kubwa zote ndivyo zilivyo. Jibu la kwanza halina ukweli wowote, na la pili limetuletea tabia iliyo mbaya kuliko kishindo chenyewe, ya kung'oa rilei ya spika, yaani swichi ya umeme ndani ya amplifaya inayounga na kutenga spika, na kuunga waya moja kwa moja.

Kishindo ni umeme wa DC, yaani ule wa betri, uliopita kwenye koili ya spika kwa muda mfupi. Muziki ni umeme unaokwenda na kurudi, yaani AC, ndiyo maana karatasi hutetemeka. DC haina kurudi. Inaisukuma karatasi upande mmoja na kuishikilia huko huko. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za wufa uone mwenyewe: karatasi inatoka, unasikia "tu", na ukiondoa betri inarudi kwa "tu" ya pili. Basi kazi ya fundi ni kujua DC hiyo inatoka wapi na inakaa kwa muda gani.

Inakotoka hutegemea aina ya amplifaya. Zile zinazotumia umeme wa upande mmoja, tuseme volti 24, sehemu yao ya kutolea sauti hukaa katikati, kwenye volti 12, na kati ya hapo na spika kuna kapasita kubwa, yaani kifaa cha kuhifadhi umeme, mara nyingi ya maikrofaradi 2,200 kwa volti 35. Ukiwasha, kapasita hiyo ni tupu na lazima ijae, na njia pekee ya kujaa ni kupitia spika. Hapo ndipo "du" inapozaliwa. Ila tusiwatishe watu bure. Kwa spika ya ohm 8 kapasita hiyo hujaa katika muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, na nishati inayoishia kwenye koili haifiki hata robo ya jouli. Hiyo haichomi wufa yoyote ya nyumbani. Inakera, inaamsha mtoto, basi.

Dawa yake ina mtego ambao wengi huukanyaga. Fundi anaweka rilei ya kuchelewesha kati ya kapasita na spika, anawasha, zinapita sekunde tatu, rilei inashika, na kishindo kinakuja vile vile. Anashangaa. Sababu ni kwamba kapasita haikuwa na pa kujazia wakati spika imetengwa, kwa hiyo ilingoja hadi rilei ilipofunga. Weka rezista (kizuizi cha umeme) ya ohm 220, ya wati 1, kutoka upande wa kapasita unaoelekea spika hadi grandi, yaani upande wa volti sifuri, kabla ya rilei. Kapasita itajaa kimya kimya kupitia rezista hiyo ndani ya zile sekunde tatu, na rilei itakapofunga hakuna cha kupiga.

Amplifaya za umeme wa pande mbili, kwa mfano volti 35 chanya na 35 hasi, hazina kapasita ya kutokea. Zikishatulia, sehemu ya kutolea sauti inakaa sifuri. Lakini kabla ya kutulia, kapasita za pande mbili hazijai kwa mwendo mmoja, na zile ndogo za kwenye mlango wa sauti nazo zinatafuta mizani yake, hivyo kwa nusu sekunde au zaidi sauti hutoka na volti kadhaa za DC. Hata kipindi hicho kikipita, hatari haijaisha. Transista moja ya nguvu, ile inayosukuma umeme kwenye spika, ikipiga shoti, volti 35 zote zinakwenda kwenye spika na kubaki huko. Spika iliyoandikwa ohm 8 ukiipima kwa mita inasoma kama 6. Gawanya: ni karibu ampea 6, zaidi ya wati 200, zisizokatika. Koili inatoa harufu, kisha moshi, kabla mwenye nyumba hajafika kwenye swichi.

Rilei iliwekwa kwa ajili ya mambo hayo yote. Inasubiri sekunde tatu hadi tano baada ya kuwasha, ndipo inaunganisha spika. Inachunga DC muda wote redio inapocheza, ikiiona inaachia. Na ukizima inaachia kabla umeme wa ndani haujaanza kuyumba. Unaweza kuijua kwa sikio: baada ya kuwasha kuna mlio mdogo wa "ka" unaotoka kwenye boksi la amplifaya lenyewe, si kwenye spika. Kama mashine yako ilikuwa na "ka" na sasa, baada ya kwenda kwa fundi, haina "ka" bali ina "du", umeshajua kilichofanyika.

Fundi huiruka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuchakaa kwa kontakti, yaani vile vichwa vya ndani ya rilei vinavyogusana kupitisha umeme. Dalili zake hazifichiki: upande mmoja unapotea ukicheza kwa sauti ya chini, ukipandisha sauti unarudi ghafla, ukishusha unapotea tena. Vichwa vya kontakti vimepata weusi, na umeme mdogo haupenyi. Kuiruka hapo ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekaza. Rilei mpya ya koili ya volti 12 au 24 (soma iliyoandikwa mgongoni kwenye ile ya zamani), yenye seti mbili za kontakti za ampea 8 hadi 10, inapatikana kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Kama haipo siku hiyo, fungua kifuniko chake, kata kipande chembamba cha karatasi ngumu kama ya kadi ya mwaliko, kichovye kwenye spiriti, kipitishe kati ya kontakti, zibane kidogo kwa kidole, vuta. Kitatoka na mstari mweusi. Rudia kwa kipande kipya mpaka kitoke kisafi. Msasa usiuguse, unakwangua tabaka la madini ya fedha, na rilei haitadumu.

Sababu ya pili ndiyo ya hatari: rilei inakataa kushika kabisa. Taa inawaka, "ka" haiji, spika kimya. Fundi mwenye haraka anasema rilei imekufa, anaunga waya juu yake. Mara nyingi rilei haijafa hata kidogo. Imekataa kwa sababu imeona DC, yaani ndani kuna transista iliyopiga shoti au umeme wa upande mmoja umepotea. Kuiruka wakati huo ni kuipeleka spika motoni kwa mkono wako.

Kabla ya kugusa rilei, pima. Ondoa spika, weka mita kwenye DC, washa, soma kwenye vituo vya spika. Kama rilei imeachia, pima nyuma yake, upande wa amplifaya. Chini ya milivolti 50 ni safi. Hadi 100 inavumilika. Ikifika volti moja, tafuta ugonjwa. Ikisoma 30, zima. Kazi hii ifanyike huku balbu ya wati 100, ya waya si ya LED, ikiwa imeungwa kwa mfululizo kwenye umeme wa ukutani. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na fyuzi zako zimepona. Na kabla ya kuingiza mkono, kumbuka kapasita za maikrofaradi 10,000 hubaki na umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Zimalize kwa rezista ya kilo-ohm 1 ya wati 5, ukiishikilia kama dakika moja kila upande. Wanaozipiga shoti kwa bisibisi wanajua wenyewe wanavyounguza vichwa vya bisibisi zao, na nyuzi za bodi pia.

Kwa mteja asiye na mita, yapo mambo mawili anayoweza kuyafanya nyumbani bila kufungua kitu. Shusha sauti hadi sifuri, zima, subiri dakika, washa. Kishindo kikiwa kile kile, kinatoka baada ya kitufe cha sauti, yaani kwenye amplifaya yenyewe. Kikipungua au kutoweka, kinatoka kabla ya kitufe hicho. Hapo chomoa nyaya zote za kuleta sauti, mashine ikiwa imezimwa, pandisha sauti kidogo, washa tena. Kikitoweka, mkosaji ni king'amuzi, TV au simu iliyo kwenye chaja, na hakuna haja ya kumpelekea fundi amplifaya. Kikibaki, ni sehemu ya mbele ya amplifaya, mara nyingi IC (kipande kimoja chenye saketi nzima ndani) ndogo kama 4558 ambayo umeme wake unapanda au kushuka upande mmoja mapema kuliko wa pili.

Kishindo cha kuzima ni ugonjwa wake peke yake, na dawa ya kuwasha haiutibu. Bodi nyingi za rilei zinazouzwa zikiwa tayari zimetengenezwa kwa IC iitwayo uPC1237. IC hiyo ina mguu wa 4 kwa ajili ya kunusa kama AC ya transfoma bado ipo; ikikatika tu, rilei inaachia mara moja. Lakini wengi huilisha bodi DC waliyoitoa kwenye kapasita kubwa za amplifaya, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Basi ukizima, kapasita bado zimejaa, IC inadhani umeme upo, rilei inaendelea kushika, na spika inapiga wakati umeme unaisha. Ilishe bodi AC. Nyingi hutaka volti 12 hadi 18. Kama transfoma yako inatoa 24 au 28, usijaribu bahati, tafuta transfoma ndogo ya volti 12 uiunge baada ya swichi ile ile ya kuwashia, ili zote mbili zife pamoja. Muda wa kungoja unapangwa na kapasita iliyo kwenye mguu wa 7: ikiongezwa, muda unarefuka, ikikauka, rilei inashika mapema na "du" inarudi.

Kuhusu kuunga kontakti, hapa wengi hukosea bila kujua. Rilei ina mguu wa katikati, mguu unaogusa ikishika na mguu unaogusa ikiachia. Spika ikae katikati, amplifaya kwenye ule wa kushika, na ule wa kuachia upeleke grandi. Usiuache mtupu. Kontakti nyingi zimepewa uwezo wa volti 30 tu za DC. Zikiachia kwenye volti 40 au 50, cheche inaweza kuendelea kuruka kama ya kuchomelea geti, na DC inaendelea kufika kwenye spika hata rilei ikiwa imeachia. Mguu wa kuachia ukiwa grandi, cheche inaishia huko, fyuzi inakatika, spika inabaki.

Lakini usifanye hivyo kwenye bodi za kisasa za daraja la D, kama zile za TPA3116, wala kwenye amplifaya yoyote ambayo waya zote mbili za spika zinatoka kwenye IC. Hizo hazina upande wa grandi. Kila waya unakaa kwenye nusu ya umeme, na ukiugusisha grandi unaweza kuiua IC. DC yake pia hupimwa kati ya waya na waya. Kwa bodi hizi rilei si lazima. Mguu wa SDZ ukishushwa hadi grandi, IC inalala kwa utulivu. Bodi za bei rahisi zimeuacha mguu huo juu muda wote, kwa hiyo ukichomoa adapta umeme unaisha IC ikiwa macho, na spika inasema "papu". Kama mguu huo umeungwa juu kupitia rezista, si moja kwa moja, unga swichi ndogo kutoka SDZ hadi grandi: wakati wa kuzima ifunge hiyo kwanza, ndipo ukate umeme, wakati wa kuwasha, umeme kwanza, kisha uifungue.

IC za kawaida za nguvu nazo zina milango yake. TDA7294 ina mguu wa 9 wa kulaza na wa 10 wa kunyamazisha, kila mmoja na kapasita yake, kwa kawaida ya maikrofaradi 10. Zikikauka kwa joto, mashine iliyokuwa kimya miaka yote inaanza kupiga, na fundi anahangaika na transfoma wakati tatizo ni kapasita mbili za bei ya pipi. LM3886 ina mguu wa 8, ambao haufunguki mpaka uvutwe walau nusu miliampea kuelekea umeme hasi. Kwa volti 28 hasi, rezista ya kilo-ohm 33 inatosha. TDA2030 iliyojaa kwenye sabufa nyingi za mezani ina miguu mitano tu, hakuna wa kunyamazisha, kwa hiyo hiyo ni ya rilei au ya kuvumilia.

Kuna "ta" nyingine kavu, si "du", inayosikika swichi inapobonyezwa au friji linapowaka. Hiyo ni cheche ya swichi. Kapasita ya aina ya X2, maikrofaradi 0.01, volti 275 za AC, ikifuatana na rezista ya ohm 100, iungwe kuivuka swichi ya kuwashia. Lazima iwe imeandikwa X2. Kapasita ya kawaida hapo ikipiga shoti inawaka moto. Na ukishaiweka, jua kwamba hata swichi ikiwa imezimwa kuna umeme kidogo unaopita, hivyo plagi itolewe ukutani kabla ya kufungua mashine. Kwa friji, hamishia amplifaya kwenye soketi nyingine kwanza kabla ya kununua chochote.

Najua yupo atakayesema haya yote yanatatuliwa kwa kuwasha kwa mpangilio: king'amuzi na TV kwanza, miksa inafuata, amplifaya mwisho, na kuzima, amplifaya kwanza, ungoje sekunde kumi, ndipo vingine. Mpangilio huo ni sahihi na kila mtu aufuate, kama ambavyo hapaswi kuchomoa wala kuchomeka pini ya RCA (ile ya waya wa kuleta sauti) mashine ikiwaka, maana ncha ya katikati hugusa kabla ya ganda na spika hunguruma. Lakini kwetu umeme hukatika saa mbili usiku na kurudi saa tisa, watu wamelala, vifaa vyote vikiwa kwenye ekstenshen moja. Umeme ukirudi haujui kipi kitangulie. Vyote vinawaka pamoja, na king'amuzi kinapomaliza kuamka kinatupa mshtuko wake kwenye amplifaya iliyokwisha kuwa tayari. Katika nyumba ya namna hiyo anayeweza kusimama mlangoni ni rilei, na kama king'amuzi chako kinachelewa kuamka, ongeza kapasita ya mguu wa 7 wa uPC1237 mpaka kungoja kufike sekunde nane au kumi.

Kwa mteja anayepeleka amplifaya kutengenezwa wiki hii, nina ombi moja. Siku ya kuichukua, mwambie fundi aiwashe mbele yako huku spika zimeungwa na sauti iko chini, uhesabu moja hadi tano, usikie "ka". Akisema rilei ilikuwa mbovu, akupe ya zamani mkononi na akuonyeshe mpya ilipokaa kwenye bodi. Ukikuta waya mfupi umechomelewa kwa risasi mahali pake, irudishe mezani kabla hujalipa.

Fundi redio,
Dar es Salaam